Ubora wa viungo vya chakula cha mbwa

Ubora wa viungo vya chakula cha mbwa ni kiwango ambacho malighafi za chakula hicho, yaani nyama, samaki, nafaka, mafuta, vitamini na madini, hutosheleza mahitaji ya mwili wa mbwa bila kumdhuru. Kwa chakula cha viwandani, mnunuzi huupima kwanza kwa kusoma lebo. Lakini lebo hutaja majina ya viungo na viwango vya virutubishi. Haisemi kama mahindi yaliyosagwa yalikuwa mazima au yameota kuvu. Afrika Mashariki, ambako mahindi ndiyo nafaka kuu, upungufu huo wa lebo umewahi kugharimu maisha ya mbwa wengi.

Historia

Chakula cha mbwa cha kiwandani kilianza Uingereza. Mnamo miaka ya 1860 Mmarekani James Spratt aliuza mjini London biskuti za mbwa zilizotengenezwa kwa ngano, mboga na nyama. Chakula cha makopo kilienea Marekani baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na nyama yake ilikuwa ya farasi. Mwaka 1957 kampuni ya Purina ilileta sokoni punje kavu zilizotengenezwa kwa kupika unga kwa joto na kuusukuma kwa nguvu kupitia matundu madogo. Njia hiyo ndiyo inayotumika zaidi hadi leo, nayo huhitaji wanga mwingi ili punje zishikamane. Kwa hiyo nafaka, viazi au jamii ya kunde haviwekwi humo kwa sababu ya bei peke yake.

Kusoma lebo

Viungo huandikwa kwa kufuata uzito kabla ya kupikwa, kile kizito zaidi kikitangulia. Hapa ndipo wasomaji wengi hupotea. Nyama mbichi ina maji kama asilimia 70, hivyo inaweza kuongoza orodha ilhali baada ya kukaushwa mchango wake ni mdogo kuliko wa mahindi yanayoifuata. Unga wa nyama au wa samaki umekwisha kutolewa maji na sehemu kubwa ya mafuta. Ukiwa wa pili au wa tatu katika orodha unaweza kuleta protini nyingi kuliko nyama mbichi iliyotajwa kwanza. Tena nafaka moja inaweza kugawanywa kwa majina, kama vile mahindi, unga wa mahindi na gluteni ya mahindi, kila kimoja kikaonekana kidogo. Msomaji makini huvijumlisha.

Jina la bidhaa nalo lina hesabu yake. Kwa mujibu wa kanuni za AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya mifugo nchini Marekani, chakula kinachoitwa kwa jina la nyama ya ng'ombe peke yake sharti kiwe na nyama hiyo angalau asilimia 95, bila kuhesabu maji ya kutengenezea. Kikiitwa mlo wa nyama ya ng'ombe, asilimia 25 zinatosha. Kikiandikwa "chenye nyama ya ng'ombe", ni asilimia 3 tu. Kikiandikwa "ladha ya nyama ya ng'ombe", hakuna asilimia inayotakiwa, ila ladha hiyo itambulike.

Kulinganisha chakula cha kopo na kikavu kunahitaji kwanza kuondoa maji katika hesabu. Kopo lenye protini asilimia 8 na maji asilimia 78 lina kitu kikavu asilimia 22. Gawanya 8 kwa 22, utapata protini asilimia 36 hivi ya kitu kikavu. Mfuko wa punje wenye protini asilimia 24 na maji asilimia 10 hutoa 24 kwa 90, yaani asilimia 27 hivi. Kopo lililoonekana duni kumbe limezidi. AAFCO hutaka kitu kikavu kiwe na protini angalau asilimia 18 kwa mbwa mzima na asilimia 22.5 kwa mtoto wa mbwa na jike anayelea.

Maini, mapafu, figo na utumbo mara nyingi hulaumiwa kuwa ni "mabaki". Lawama hiyo haina uzito, hasa kwetu ambako supu ya utumbo huliwa na watu kwa fahari. Maini yana vitamini A na madini ya chuma kuliko nyama ya misuli. Cha kutilia shaka ni jina lisilotaja mnyama: "unga wa nyama" bila kusema ya nani huruhusu kiwanda kubadilisha chanzo kila shehena.

Protini inayodanganya

Kwa kawaida maabara hazipimi protini yenyewe. Hupima naitrojeni kisha huzidisha kwa 6.25. Kwa hesabu hiyo manyoya, ngozi na hata kemikali isiyo chakula yaweza kuonekana kuwa protini. Mwaka 2007 paka na mbwa wengi Amerika ya Kaskazini waliharibika figo baada ya gluteni ya ngano kutoka China kuchanganywa na melamini, kemikali yenye naitrojeni nyingi, ili ionekane na protini ya kutosha. Kwenye karatasi chakula kile kilikuwa kizuri.

Nafaka na sumukuvu

Mbwa si mbwamwitu. Utafiti wa Erik Axelsson na wenzake uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Nature ulionyesha kuwa mbwa wana nakala nyingi zaidi za jeni ya kimeng'enya kinachovunja wanga, tofauti na mbwamwitu. Mahindi yaliyopikwa vizuri humeng'enywa na mbwa bila shida. Kwa hiyo swali la kuuliza si kama chakula kina mahindi, bali ni mahindi gani.

Kuvu aina ya Aspergillus flavus hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini. Haiondoki kwa kupika wala kwa kusaga, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi. Nchini Kenya, mwaka 1977 na 1978, mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa chakula kilichoharibika kutokana na uhifadhi mbaya. Marekani, mwishoni mwa mwaka 2020, chakula cha Sportmix kilirudishwa kutoka madukani kwa sababu hiyohiyo, na vifo vya mbwa zaidi ya 100 viliripotiwa. Dalili ni kukataa chakula, kutapika, unyonge, macho na ufizi kuwa wa njano, na wakati mwingine kinyesi chenye damu. Mbwa anayesusia chakula alichokizoea asilazimishwe.

Watu nao hawako salama. Mwaka 2016 ugonjwa wa sumukuvu uliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Mkoa wa Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayolisha Tanzania mahindi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) una kanda yake Sumbawanga, na viwango vya Afrika Mashariki hutaka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5 na aflatoksini mikrogramu 10 kwa kilo. Uwanda wa Ufipa, ambao penye mji wa Sumbawanga hufikia mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, una baridi, na mavuno hufanyika baada ya mvua kwisha. Hali hiyo husaidia. Katika bonde la Ziwa Rukwa, mita 1,000 chini yake, joto ni kali zaidi. Popote pale, mahindi yaliyofungwa magunia kabla ya kukauka yataota kuvu. Punje zilizochaguliwa na kutupwa pembeni, zilizovunjika, kubadilika rangi au kutobolewa na wadudu, ndizo hubeba sumu nyingi zaidi, na ndizo aghalabu husemwa "hizi za kuku na mbwa". Uchambuzi unaomlinda mtu ndio unaompelekea mbwa sumu.

Chakula cha nyumbani Ufipa

Mbwa wengi wa Ufipa, walinzi wa nyumba na mifugo, hawajapata kuonja punje za mfuko. Hula ugali wa mahindi au ulezi, makombo, pumba na dagaa. Ugali hutoa nguvu lakini protini ya mahindi ina upungufu wa lisini na triptofani, asidi amino ambazo mwili wa mbwa hauwezi kuzitengeneza. Dagaa wa Ziwa Tanganyika, wanaopandishwa Sumbawanga kutoka mwambao wa Kasanga na Kirando, huziba pengo hilo vizuri, na mifupa yao laini huleta kalsiamu ambayo nyama tupu haina. Watoto wa mbwa wanaolelewa kwa ugali na nyama bila mifupa wala samaki hukua wakiwa na miguu iliyopinda.

Dagaa nao huchunguzwa. Waliokaushwa mchangani huja na mchanga, hivyo mnunuzi hulipia uzito usiolika. Wachache wakitikiswa ndani ya maji, mchanga huzama. Wazuri hung'aa na kuvunjika kwa mlio. Wenye rangi ya kutu na harufu kali ya mafuta wamechacha. Vitunguu, chokoleti na zabibu mbwa hapewi. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha.

Ununuzi na utunzaji

Chakula kinachopimwa kwa kilo kutoka mfuko uliofunguliwa kimepoteza lebo, tarehe ya mwisho na namba ya shehena, na mafuta yake yameanza kuchacha kwa kukutana na hewa. Hata muuzaji mwaminifu hawezi kukumbuka mfuko ulifunguliwa lini. Anayelazimika kununua hivyo aombe kuuona mfuko wenyewe, anuse, kisha anunue kinachotosha siku chache. Nyumbani chakula hukaa pakavu, juu ya mbao na si sakafuni, ndani ya mfuko wake wa asili uliowekwa kwenye ndoo yenye kifuniko. Kilichoganda mabonge au kuota ukungu hutupwa chote, hata kama ukungu umeonekana upande mmoja tu, wala hakihamishiwi kwa kuku, kwa kuwa aflatoksini yaweza kupita kutoka kwa kuku hadi kwenye mayai.