Rehema si ya Marehemu Peke Yake

Katika misiba mingi, kabla jeneza halijatoka, husimama mtu na karatasi mkononi akasoma wasifu: marehemu alizaliwa wapi, alisoma wapi, ameacha watoto wangapi. Awe Mkristo au Mwislamu, awe alikuwa mwema au mkorofi, awe alilipa madeni yake au amekufa akidaiwa, siku hiyo wote humwita marehemu. Neno hilo limetoka katika Kiarabu, marhum, yaani aliyerehemiwa. Tukimwita mtu hivyo, tunataja zaidi ya kifo chake. Tunamwombea kwamba Mungu awe amempokea kwa rehema.

Naanzia msibani kwa sababu hapo ndipo istilahi hii inapotamkwa sana na kufikiriwa kidogo. Mkristo wa Kiswahili huimba rehema, huomba rehema, pengine na bintiye anaitwa Rehema. Lakini ukimuuliza maana yake, mara nyingi atakujibu: ni msamaha. Jibu hilo si kosa, ila ni kipande tu cha jibu.

Tutazame mzizi. Kiarabu na Kiebrania ni lugha ndugu, na zote mbili zina mzizi wa konsonanti tatu, r-h-m. Katika Kiarabu, rahma ni rehema, na rahim ni mji wa mimba. Katika Kiebrania cha Agano la Kale, rahamim ni rehema, na rehem ni mji wa mimba. Kwa hiyo ndani ya neno hili amekaa mama. Rehema ni lile linalomshika mzazi tumboni anapomwona mtoto wake taabuni, hata kama mtoto amejitakia. Wahenga wetu walilijua jambo hilo bila kusoma Kiebrania waliposema uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Waswahili walikuwa na neno rehema kabla ya wamisionari. Mwislamu wa pwani alianza shughuli zake kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Basi Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, na baadaye Askofu Edward Steere alipofanya kazi hiyo Zanzibar, hawakuwa na haja ya kubuni istilahi. Waliikuta imeshaiva midomoni mwa watu.

Ugumu ulikuwa kwingine: Kiebrania kina maneno kadhaa mahali ambapo sisi husema rehema. Fungua Zaburi ya 51, ile toba ya Daudi, mstari wa kwanza. Yamo matatu pamoja. La kwanza ni kitenzi cha kumtendea mema mtu aliye chini, asiye na haki ya kudai chochote. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 imekitafsiri kurehemu. La pili ni hesed, upendo wa agano, upendo wa mtu anayeshika ahadi hata mwenzake anapoivunja. Hilo limekuwa fadhili. La tatu ni rahamim, nalo limekuwa rehema, tena kwa wingi, rehema zako, kwa maana hata katika Kiebrania neno hilo lina umbo la wingi.

Neno hesed limewasumbua watafsiri kuliko yote. Katika Zaburi ya 136, ambamo linarudiwa katika kila mstari wa mistari 26, ni fadhili. Katika Maombolezo sura ya 3 ni huruma. Katika Hosea 6:6 ni fadhili tena, lakini Yesu anapoutaja mstari huohuo wa Hosea katika Mathayo 9:13, sisi tunasoma rehema, kwa sababu Mathayo ameandika kwa Kigiriki, na neno lake ni eleos. Msomaji asidhani watafsiri walikosea. Chombo kimoja cha Kiebrania kimemiminwa katika vikombe vitatu vya Kiswahili, na anayetaka kujua ladha yake hana budi kunywa vyote vitatu.

Sasa tuje kwenye huruma. Wakatoliki husema Huruma ya Mungu. Ndilo jina la Jumapili ya pili ya Pasaka, tangu Papa Yohane Paulo II alipoitangaza kwa Kanisa lote mwaka 2000, na ndilo jina la mwaka mtakatifu ambao Papa Fransisko aliufungua Desemba 2015. Waprotestanti wengi hupenda kusema rehema. Imani ni moja, lakini katika mazungumzo ya kila siku maneno haya mawili yameachana. Huruma imebaki kati ya watu: namwonea huruma yule mzee. Rehema imepanda juu: Mungu amrehemu. Ni nadra kumsikia mtu akisema jirani yangu alinirehemu.

Mpasuko huu una hatari. Unaturuhusu kuomba rehema, ambayo ni tendo, huku tukitoa huruma, ambayo tumeiacha ikawa hisia tu. Tunatikisa kichwa, tunasema maskini, tunapita.

Maandiko hayakubali mpasuko huo. Bartimayo, yule kipofu wa Yeriko katika Marko 10, alipaza sauti akitaka arehemiwe. Hakuwa mbele ya hakimu wala hakuungama kosa. Alipoulizwa anataka nini, alisema anataka kuona. Hapo rehema ni msaada wenyewe, mbali na msamaha. Na katika Luka 10, Msamaria alimwona mtu aliyepigwa na wanyang'anyi akamhurumia. Kitenzi cha Kigiriki kilichotumika hapo kinatokana na neno la matumbo, yaani alishikwa na uchungu wa ndani. Kisha angalia mikono yake: alifunga majeraha, akatia mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akamuuguza, akatoa dinari 2, akaahidi kulipa zaidi akirudi. Mwishoni, Biblia yetu inasema alimwonea huruma; Kigiriki kinasema aliifanya. Kiswahili kinatukumbusha kwamba rehema huanza na jicho. Kigiriki kinatukumbusha kwamba haiishii hapo.

Halafu kuna Mathayo 18. Mtumwa amesamehewa talanta 10,000. Talanta moja ilikaribia dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Huyohuyo anatoka nje na kumkaba koo mjoli wake kwa dinari 100. Bwana wake anamuuliza kama hakupaswa kumrehemu mwenzake. Hapo, katika Biblia yetu, kitenzi tulichomwachia Mungu kimeshuka kwa mtu aliyeshika koo la mwenzake.

Kanisa Katoliki limeyapanga matendo ya huruma kuwa 14: saba ya kimwili na saba ya kiroho. La mwisho kati ya yale ya kimwili ni kuzika wafu. Hilo hatujambo. Mtaani kwetu mtu akifa, turubai hufungwa, sufuria hupandishwa jikoni, daftari la michango huzunguka, na hata aliyekuwa akimdai husema basi, nimemsamehe. Lakini kwenye orodha ileile, kabla ya kuzika, kuna kulisha mwenye njaa, kumvika aliye uchi, kumtazama mgonjwa, kumtembelea mfungwa. Hayo hufanyiwa mtu angali na masikio ya kusikia jina lake likiitwa.

Basi, ndugu msomaji, katika daftari lako la madeni au moyoni mwako yumo mtu mmoja ambaye ungemsamehe leo kama ungeletewa habari za msiba wake. Mrehemu kabla hajaitwa marehemu.