Benki ya pesa au ukingo wa mto?

Chukua sentensi hii ya Kiingereza: "Move away from the bank." Ukiisikia katikati ya Nairobi utadhani askari anafukuza watu mlangoni mwa benki. Ukiisikia Garsen wakati Tana inafurika, kama mwaka 1997, 2018 na 2024, hakuna anayewaza pesa. Hapo ni ukingo wa mto, kusanya watoto na mbuzi! (Tusiwacheke Waingereza, mto wetu nao ni wa maji na wa kulalia.)

Kompyuta imeteswa na jambo hili zamani. Januari 1954, Chuo Kikuu cha Georgetown na IBM walionyesha mashine ikitafsiri sentensi zaidi ya 60 za Kirusi kwa msamiati wa maneno 250 tu. Watu wakaona kazi imekwisha. Mwaka 1960 Yehoshua Bar-Hillel akawakata maini kwa neno "pen": ni kalamu, au kizimba cha mtoto kuchezea? Ukiambiwa sanduku limo ndani yake unajua mara moja, kwa sababu unajua ukubwa wa vitu. Mashine haikujua. Ripoti ya ALPAC ya 1966 ikafuata, na fedha za utafiti Marekani zikakauka.

Programu za leo hutazama maneno jirani. Ila onyo fupi halina majirani. Programu yangu ndogo ya majaribio ilitoa "Ondokeni benki". Mkulima wa Garsen angecheka, akaendelea kulima. Sasa nimeilazimisha iulize mahali kwanza.