MCHEZA KWAO HUTUNZWA
Historia fupi ya maonyesho ya mavazi, sanaa na biashara ndogondogo za watu weusi wa New York



Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi mtasoma habari za hisa, mikopo na marejesho. Mimi nimeombwa niandike historia, na nimechagua historia ya mbali kidogo. Sababu ninayo.

Kila tunapopanga siku yetu ya maonyesho, ile siku ambayo wanaoshona, wanaosuka vikapu, wanaotengeneza batiki na wanaopika achari hutandaza kazi zao uwanjani, mjadala huwa ule ule. Upande mmoja husema maturubai, viti na spika vinakula fedha ambayo ingekopeshwa. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," husema. Upande wa pili husema bila siku ile wengine wetu wasingejulikana hata mtaa wa pili. Safari hii swali limeletwa rasmi mbele ya mkutano: tuendelee au tuache? Basi kabla ya kupiga kura, hebu tuwatazame watu waliolijibu swali hili kabla yetu, wakiwa na fedha kidogo na vikwazo vingi. Tena wengi wao walilijibu kwa maneno ya Kiswahili.

MTAA WA WANUNUZI WASIO NA MADUKA

Harlem ni sehemu ya jiji la New York, nchini Marekani. Tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini watu weusi walihamia huko kwa wingi kutoka majimbo ya kusini na visiwa vya Karibi. Barabara ya 125 ndiyo iliyokuwa ya maduka. Wanunuzi walikuwa weusi, lakini wenye maduka wengi walikuwa weupe, na wengi wao hawakukubali kumweka mtu mweusi nyuma ya kaunta. Fedha iliingia mtaani asubuhi na kutoka jioni.

Mwaka 1934 wananchi waligomea duka kubwa la Blumstein. Walisimama mlangoni wakiwasihi wenzao wasinunue mahali wasipoweza kuajiriwa. Duka likasalimu amri, likakubali kuajiri wanawake weusi kuwa wauzaji. Ulikuwa ushindi wa kweli. Lakini kuuza mali ya mwingine ni jambo moja, na kuuza kazi ya mkono wako ni jambo jingine.

Tena palikuwa na kizuizi ambacho mgomo haukuweza kukiondoa, nacho ni macho ya watu. Sinema, magazeti na matangazo yalifundisha kwamba mrembo ni mwenye ngozi nyeupe na nywele zilizonyooka. Hata magazeti ya watu weusi wenyewe yalichapisha matangazo ya dawa za kung'arisha ngozi. Hapo ndipo ile methali ya kizuri chajiuza ilipogonga mwamba. Kizuri hakijiuzi mahali ambapo mnunuzi amefundishwa kukidharau.

USIKU MMOJA WA JANUARI 1962

Mwaka 1956 vijana kadhaa wa New York, wakiwamo ndugu wawili, Elombe Brath na Kwame Brathwaite, waliunda chama cha sanaa na muziki wa jazi kilichojulikana kwa kifupi kama AJASS. Tarehe 28 Januari 1962 chama hicho kiliandaa onyesho la mavazi katika klabu ya Purple Manor, Harlem. Walikiita Naturally '62, yaani wakisisitiza uasili wa mtu.

Waliopita jukwaani waliitwa Grandassa Models. Hawakuwa warembo wa kukodiwa. Walikuwa wanawake wa kawaida, weusi wa rangi, wenye nywele zao kama walivyozaliwa nazo, wakiwa wamevaa mavazi ya mitindo ya Kiafrika. Mwimbaji Abbey Lincoln na mpiga ngoma Max Roach, watu waliokuwa na majina makubwa tayari, waliwaunga mkono. Brathwaite alikuwa akipiga picha, na picha zake zilisaidia kueneza msemo kwamba weusi ni uzuri. Miaka mingi baadaye picha hizo zilitundikwa katika majumba ya makumbusho. Yeye alifariki mwaka 2023.

Onyesho lile halikuishia usiku ule. Lilirudiwa tena na tena, likapelekwa hata miji mingine. Mwaka 1963 wanachama wa AJASS walifanya maandamano nje ya duka moja la nywele za bandia pale Harlem. Mnaweza kusema, jamani, hizo ni siasa, biashara iko wapi? Biashara iko hapa: mwanamke aliyetoka ukumbini akiitamani nguo ile hakuweza kuipata kwenye kioo cha duka kubwa. Ilibidi amtafute fundi wa mtaani.

WALIPOAZIMA LUGHA YETU

Katika miaka hiyo Wamarekani weusi wengi walikuwa wakitafuta majina mapya. Mababu zao wengi walitoka Afrika Magharibi na ya Kati, lakini walikipenda Kiswahili kwa kuwa ni lugha ya watu wengi isiyomilikiwa na kabila moja. Mwaka 1965 wachoraji wa Harlem waliunda kikundi wakakiita Weusi. Baadaye baadhi yao walifungua ukumbi wa picha wakauita Nyumba ya Sanaa. Dar es Salaam nayo ilipata Nyumba ya Sanaa yake mwaka 1972. Wachoraji hao hawakungoja kualikwa na majumba makubwa ya katikati ya jiji. Walitoa picha zao nje, wapita njia wakaziona.

Mwaka 1966, huko Los Angeles, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, jina lililotokana na maneno "matunda ya kwanza". Huanza tarehe 26 Desemba na kwisha tarehe 1 Januari, na kila siku ina nguzo yake: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba na Imani. Siku ya nne, tarehe 29 Desemba, ni ya Ujamaa. Neno hilo Mwalimu Nyerere alikuwa ameshalieleza katika kijitabu chake cha mwaka 1962. Kwao wao lilichukua maana ya kujenga maduka na biashara zao wenyewe na kufaidika pamoja. Ndiyo sababu Kwanzaa ilizaa masoko. Msimu ule ukifika, kumbi na shule hujaa meza za vinyago, shanga, vitabu, vitambaa na manukato, na wauzaji wake wengi ni watu wenye biashara ndogo.

BROOKLYN: UPATU, SHULE NA SOKO

Sasa tuvuke mto tuingie Brooklyn, sehemu nyingine ya jiji hilo hilo, kwa maana huko ndiko historia hii inapotugusa sisi watu wa akiba.

Wahamiaji kutoka Barbados na visiwa vingine vya Karibi walikuja Brooklyn na desturi waliyoiita susu. Ukielezwa utacheka, maana ni upatu wetu mtupu. Watu wanachanga kila wiki, mmoja anachukua fungu lote, wiki nyingine anachukua mwingine. Benki ziliwanyima mikopo, lakini kwa susu na kwa kujinyima familia nyingi zilipata fedha ya kutanguliza ili kununua nyumba. Katika jamii hiyo alikulia Shirley Chisholm, ambaye mama yake alikuwa fundi cherehani na mfanyakazi wa nyumbani. Mwaka 1968 alichaguliwa kuwa mwanamke mweusi wa kwanza katika Bunge la Marekani, akiwakilisha mitaa hiyo hiyo ya Bedford-Stuyvesant.

Mtaa huo ulikuwa umeshaanza maonyesho yake. Tangu mwaka 1958, katika bustani ya Fulton, wakazi na wachoraji walianzisha maonyesho ya picha ya hadharani. Miongoni mwa walioyaanzisha walikuwamo Jacob Lawrence na Ernest Crichlow, wachoraji wenye sifa nchi nzima.

Kisha ukaja mwaka 1968 na mgogoro mkubwa wa shule za Brooklyn, wazazi weusi wakidai sauti katika elimu ya watoto wao na chama cha walimu kikigoma. Mwalimu mmoja aliyekuwa katikati ya mapambano hayo, Leslie Campbell, alijibadili jina akajiita Jitu Weusi. Mwaka 1969 yeye na wenzake walifungua kituo kilichoitwa The East, yaani Mashariki, katika jengo namba 10, Claver Place. Mwaka 1970 wakaanzisha shule yao wenyewe. Waliiita Uhuru Sasa Shule.

Shule bila ruzuku ya serikali inaishi kwa nini? Hapa ndipo pa kutega sikio. Waliendesha usiku wa muziki, na wanamuziki mashuhuri walikuja kupiga. Walichapa gazeti. Walifungua duka la nguo wakaliita Mavazi. Duka la vitabu waliliita Akiba Mkuu. Sisi tungesema Akiba Kuu, lakini nani atawagombeza watu walioona kitabu ni akiba? Duka la chakula la ushirika waliliita Kununuana. Mswahili akilisikia jina hilo lazima atabasamu, maana ni kama watu wanauzana wenyewe kwa wenyewe. Wao walikusudia kwamba mimi ninunue kwako nawe ununue kwangu, na kusema kweli sijui kama sisi tuna neno moja linalolisema jambo hilo vizuri zaidi.

Mwaka 1971 wakaandaa sherehe ya mtaani iliyofungamana na shule ile. Mtaa ulijaa meza za wauza nguo, vyakula na kazi za mikono, na watoto wakaonyesha waliyojifunza. Jina lake la kwanza lilikuwa African Street Carnival. Mtu alikuja kumtazama mwanawe akicheza ngoma, akaondoka na kitambaa begani na kikapu mkononi, na sehemu ya fedha ile ikarudi darasani.

Niseme na hili. Majina yanayotajwa zaidi katika habari za The East ni ya wanaume. Lakini kufundisha, kupika, kushona na kulea, kazi ambazo bila hizo mlango usingefunguliwa asubuhi, zilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa akina mama.

AKINA MAMA WACHORAJI

Mwaka huo huo wa 1971 wanawake wachoraji nao walichoka kungoja zamu. Kay Brown, aliyekuwa mwanamke katika kikundi cha Weusi kilichojaa wanaume, alikutana na Dindga McCannon na Faith Ringgold. Wakawaita wenzao, wakafanya onyesho la wanawake weusi watupu. Kutokana na onyesho hilo kilizaliwa kikundi cha Where We At, ambayo ni kama kusema "hapa ndipo tulipo". Walisaidiana kulea watoto ili mwenzao apate saa ya kuchora. Waliendesha mafunzo ya sanaa kwa vijana na kwa wanawake waliokuwa gerezani. McCannon alichanganya uchoraji na ushonaji, na Ringgold alipata sifa kubwa kwa picha zilizoshonwa katika vitambaa vya mablanketi. Sindano ile ile tuliyoambiwa ni ya kutilia viraka iliwafikisha kwenye majumba ya makumbusho.

KILICHOFUNGWA NA KILICHOBAKI

Historia isifichwe. Hadi kufikia katikati ya miaka ya 1980 The East ilikuwa imefifia. Shule ilifungwa, na maduka yale hayapo tena. Jitu Weusi alifariki mwaka 2013. Lakini ile sherehe ya mtaani haikufa. Ilikua hadi mtaa mmoja ukawa haiitoshi, ikahamia viwanja vya shule ya Boys and Girls, kisha bustani ya Commodore Barry. Leo inajulikana kama International African Arts Festival.

Kwa nini maduka yalifungwa na sherehe ikabaki? Duka hulipa kodi ya pango mwezi mzima, mvua inyeshe au jua liwake. Sherehe inabebwa na mabega mengi. Kila muuzaji analipia nafasi yake, anajitafutia mali yake, na kila mmoja anakuja na wateja wake, ambao wanakuwa wateja wa jirani yake. Hapo ndipo faida isiyoandikwa daftarini ilipo.

SISI JE?

Wanaosema maturubai yanakula fedha wana hoja, wasibezwe. Sherehe isiyo na hesabu ni hasara iliyovaa nguo mpya. Lakini mitaani kwetu nako, si macho yamefundishwa? Mara ngapi mteja amemwomba fundi wetu apunguze bei, kisha akaenda kulipa bila kubisha kwa nguo ya dukani iliyotoka mbali? Kizuri chetu hakijajiuza. Kinahitaji siku ya kuonekana.

Kwa hiyo ninapendekeza tuendelee, kwa masharti matatu niliyoyaokota katika historia hii. Kwanza, siku ya maonyesho iwe na daftari lake peke yake, na kila mwenye meza achangie gharama. Anayeanza achangie kidogo kuliko aliyekwisha kusimama. Pili, ziada ipangiwe kazi kabla ya siku yenyewe, kama wenzetu walivyoipangia shule, si kungoja tuone kitakachobaki. Tatu, kila nguo na kila kikapu kiandikwe jina la aliyekitengeneza, ili mteja ajue wa kumrudia.

Mcheza kwao hutunzwa, lakini lazima kwanza kwao watoke nje kumtazama. Nawatakia maadhimisho mema, na tukutane kwenye kura.