Kuupeleka Msahafu kwa Msomaji Mpya: Hukumu, Adabu na Utaratibu wa Wanaojitolea

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, masahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao.

Ama baada ya hayo. Tumekuwa tukipokea masuala kutoka kwa familia za Unguja na Pemba ambazo vijana wao wamejiunga na vikundi vya kujitolea kugawa tarjama za Qur'ani. Wazazi wanauliza: Je, yajuzu kumpa tarjama mtu asiyekuwa Muislamu? Je, aliyesilimu juzi aanze kusoma wapi? Je, zaka inaweza kununua misahafu ya kugawa? Makala hii inakusanya majibu ya masuala hayo, na inaeleza namna kazi yenyewe inavyotakiwa ifanywe.

Jawabu kwa ufupi ni hili. Kazi hii ni njema na ina asili madhubuti katika Sunna, lakini kugawa ni sehemu yake ndogo tu. Msahafu unaopelekwa bila ya mtu wa kukaa na msomaji mara nyingi huishia kwenye shubaka, ukaliwa na mchwa. Anayejitolea ahesabu wasomaji wake, asihesabu maboksi aliyoyamaliza.

Asili ya kazi hii

Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Surat Ibrahim, aya ya 4, kwamba kila Mtume alipelekwa na lugha ya watu wake ili awabainishie. Imepokewa pia na Bukhari, kutoka kwa Abdullah bin Amr (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) aliamrisha kufikishwa yaliyotoka kwake hata kama ni aya moja. Kwa hiyo kufikisha si kazi ya masheikh peke yao. Anayeijua aya moja vizuri ana cha kufikisha, na asiyeijua vizuri ana wajibu wa kujifunza kwanza.

Tuangalie namna kizazi cha mwanzo kilivyofanya. Kabla ya Hijra, watu wa Madina walipoomba mwalimu, Mtume (S.A.W.) alimpeleka Mus'ab bin Umayr (R.A.). Akafikia nyumbani kwa As'ad bin Zurara, akawa anawasomea watu Qur'ani. Siku moja Usayd bin Hudhayr alimwendea na mkuki mkononi, amekasirika. Mus'ab hakujibishana naye. Alimtaka akae asikilize: akiyapenda atayakubali, na akiyachukia wataacha kumsomea. Usayd akaona huo ni uadilifu, akakaa, akasikiliza, na hakuondoka pale ila amesilimu.

Kisha tuangalie zama za Sayyidna Uthman (R.A.). Riwaya mashuhuri katika vitabu vya elimu ya Qur'ani zinaeleza kuwa misahafu iliponakiliwa na kupelekwa mijini, kila msahafu ulikuwa na msomaji wake wa kuufundisha: Zayd bin Thabit Madina, Abdullah bin as-Saib Makka, al-Mughira bin Shihab Sham, Abu Abdirrahman as-Sulami Kufa, na Amir bin Abdi Qays Basra. Hapa pana funzo kubwa. Watu wale Kiarabu kilikuwa lugha yao au ya majirani zao, na bado msahafu haukwenda peke yake. Seuze sisi, ambao wengi wetu tunaisoma Qur'ani kwa herufi na maana zake zinatupita.

Tarjama za Kiswahili tulizonazo

Anayegawa kitabu lazima akijue. Visiwa vyetu vina historia ndefu katika jambo hili, na mwanzo wake haukutoka mikononi mwa Waislamu. Tarjama kamili ya kwanza ya Kiswahili ilitolewa mwaka 1923 na Godfrey Dale, padri wa misheni ya UMCA aliyekuwa akifanya kazi hapa Zanzibar. Mwaka 1953 ikatoka Nairobi tarjama ya jamaa ya Ahmadiyya, iliyotayarishwa na Mubarak Ahmad. Huko Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui (1891 hadi 1947) alikuwa ameianza kazi ya tafsiri kabla ya kufariki kwake.

Tarjama iliyoingia katika nyumba nyingi za Waislamu wa pwani ni ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja (1912 hadi 1982), aliyekuwa Kadhi wa Zanzibar kisha Kadhi Mkuu wa Kenya. Kitabu chake, *Qurani Takatifu*, kilitoka kikamilifu Nairobi mwaka 1969. Kina maandishi ya Kiarabu, Kiswahili cha kwetu, na maelezo mengi chini ya kurasa, yakiwemo ya kuzijibu tarjama mbili zilizotangulia. Mwaka 1995 ikatoka kazi ya Sheikh Ali Muhsin Barwani, naye pia mwana wa visiwa hivi, iliyofuata *Al-Muntakhab*, tafsiri iliyotayarishwa na wanazuoni wa Misri.

Kwa hiyo kijana asichukue kitabu chochote alichokikuta dukani au kwenye simu akakigawa. Atazame jina la mfasiri, aulize kwa mwalimu wake, na ajue kilichomo kabla ya kumpa mwengine.

Hukumu za kifiqhi

*Kumpa asiyekuwa Muislamu.* Imethibiti katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Ibn Umar (R.A.), katazo la kusafiri na Qur'ani kwenda nchi ya adui, na sababu iliyotajwa ni kuchelea isije ikaingia mikononi mwao. Kutokana na hapo wanazuoni wengi hawakujuzisha kumkabidhi asiyekuwa Muislamu msahafu wa Kiarabu mtupu. Kwa upande wa pili, imethibiti kuwa Mtume (S.A.W.) alimwandikia Heraclius, mfalme wa Warumi, barua ambayo ndani yake mlikuwa na aya ya 64 ya Surat Aal Imran. Na Imam Nawawi, katika madhehebu yetu ya Shafi, ameeleza kuwa asiyekuwa Muislamu hazuiwi kuisikiliza Qur'ani, na kwamba kumfundisha kunajuzu, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, iwapo kusilimu kwake kunatarajiwa.

Tunalolichagua ni kuwa asiyekuwa Muislamu apewe tarjama, si msahafu wa Kiarabu mtupu. Ikipatikana tarjama isiyokuwa na maandishi ya Kiarabu, hiyo ni salama zaidi. Iliyo na Kiarabu, ikiwa maneno ya tafsiri ni mengi kuliko ya Qur'ani yenyewe, hukumu yake katika madhehebu yetu ni ya kitabu cha tafsiri. Sharti ni kuwa anayepewa aonekane kuwa ataiheshimu.

*Udhu.* Madhehebu manne yamekubaliana kuwa msahafu hauguswi bila ya tohara. Ama kitabu cha tafsiri ambacho maelezo yake ni mengi kuliko aya, Mashafi wanajuzisha kukibeba na kukigusa bila ya udhu, ingawa kuwa na udhu ni bora. Anayejitolea na aliyebeba vitabu kutwa atanufaika na rukhsa hii, na mwanamke aliye katika siku zake hazuiliki kuigawa na kuisomesha tafsiri ya namna hiyo.

*Tarjama katika sala.* Tarjama ni maelezo ya maana, si Qur'ani yenyewe. Aliyesilimu ambaye bado hajaimudu al-Fatiha haisomi kwa Kiswahili ndani ya sala. Katika madhehebu yetu atasoma aya saba nyengine anazozijua, na kama hajui chochote ataleta dhikri kwa kadiri yake, huku akijifunza. Jambo hili aelezwe mapema na kwa upole, asije akadhani sala yake haina thamani.

*Zaka.* Mafungu ya zaka ni manane, nayo yametajwa katika aya ya 60 ya Surat at-Tawba. Baadhi ya wanazuoni wa zama hizi wameingiza uchapishaji katika fungu la njia ya Mwenyezi Mungu, lakini kauli ya madhehebu yetu haitanui hivyo. Ushauri wetu ni kuwa misahafu inunuliwe kwa sadaka na wakfu, na zaka ifike kwa fakiri na masikini.

*Nakala chakavu.* Karatasi zenye aya zisitupwe jaani wala zisifike kwa muuza karanga akazifungia. Zichomwe kwa heshima, kwani Sayyidna Uthman (R.A.) aliamrisha kuchomwa nakala zilizobaki baada ya kukusanywa msahafu, au zizikwe pahala safi pasipokanyagwa.

Nani msomaji mpya?

Vijana wengi wakisikia "msomaji mpya" humfikiria mtalii wa Nungwi au Paje, au mfanyakazi wa hoteli aliyetoka Bara. Hao wamo, lakini si wa mwanzo.

Wa mwanzo yumo ndani ya nyumba zetu. Ni mama aliyehitimu chuoni akiwa mdogo, anakhitimu kila Ramadhani, na hajawahi kukaa na mtu akamweleza Surat al-Asr inasema nini. Wa pili ni aliyesilimu, mara nyingi kwa sababu ya ndoa, akapongezwa siku moja kisha akaachwa. Wa tatu ni aliye katika Chuo cha Mafunzo anayetumikia kifungo, ambaye ana muda na ana masuala mazito. Wa nne ni asiyeona, anayehitaji maandishi ya nukta nundu au sauti iliyorekodiwa, pamoja na mzee asiyejua kusoma, anayehitaji kusomewa. Kisha ndio anakuja jirani au mfanyakazi mwenzetu asiyekuwa Muislamu ambaye mwenyewe ameuliza.

Utaratibu tunaoupendekeza

1. *Nia na idhini.* Kijana apate ridhaa ya wazazi na usimamizi wa mwalimu. Penye uongozi, kama vile hospitali, skuli na Chuo cha Mafunzo, aombe ruhusa kabla.

2. *Watu wachache.* Kila mmoja achukue wasomaji watano, si zaidi. Awaandike katika daftari: jina, amefika sura gani, ameuliza nini. Daftari hilo ni amana, halitolewi kwa mtu wala halipigwi picha.

3. *Wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume.* Na iwe wawili wawili, ili kuepusha tuhuma.

4. *Mahala pa kuanzia.* Msomaji mgeni akianza al-Baqara bila ya msaada, huenda asifike mbali. Aanze na al-Fatiha yenye aya 7, kisha sura fupi za Juzuu Amma, halafu Luqman yenye aya 34, kisha Yusuf yenye aya 111, ambayo ni kisa kimoja kilichopangika. Kwa mwenye asili ya Ukristo, Surat Maryam ni mlango mzuri. Ndiyo iliyosomwa mwanzo wake na Ja'far bin Abi Talib mbele ya Najashi wa Uhabeshi, mfalme akalia.

5. *Kurudi.* Baada ya wiki moja arudi, wakae nusu saa. Asimtahini msomaji. Amuulize lipi limemgusa na lipi limemtatiza. Aendelee hivyo mpaka msomaji aweze kwenda mwenyewe au ajiunge na darsa.

6. *Kusema sijui.* Suala asilolijua aliandike na alipeleke kwa mwalimu wake. Kujibu kwa kubahatisha juu ya maneno ya Allah ni dhambi kubwa kuliko aibu ya kukaa kimya.

7. *Kusimama anapotakiwa asimame.* Msomaji akisema basi, ni basi. Aagwe kwa wema, na ujirani ubaki pale pale.

Mipaka isiyovukwa

Aya ya 256 ya al-Baqara imekataza kulazimishana katika dini, na kulazimisha kuna sura nyingi. Tajiri anayempa mfanyakazi wake tarjama na kumuuliza kila asubuhi amefika wapi, anamlazimisha. Anayefungamanisha kitabu na mfuko wa mchele, anaununua moyo kwa njaa ya mtu. Anayemsimamia mgonjwa kitandani, asiyeweza kuinuka akaondoka, amemdhulumu. Na anayempa mtoto wa watu kitabu kwa siri ya wazazi wake, basi ajiulize angelionaje lau mwanawe yeye angelifanyiwa hivyo na mapadri.

Wala isiguswe dini ya mtu kwa matusi. Surat al-An'am, aya ya 108, imetukataza kuwatukana wanaoabudiwa na wengine. Aya ya 125 ya an-Nahl imetupa njia: hekima, mawaidha mema, na kujadiliana kwa lililo bora.

Nasaha kwa wazazi

Ndugu zetu, msiwazuie vijana wenu kwa kazi hii, lakini msiwaachie peke yao. Muulize mwanao jioni anaporudi: si amegawa mingapi, bali nani amesoma leo na amefahamu nini. Na kabla ya kuvuka mtaa na kitabu, naakae na mama yake na bibi yake ukumbini, awasomee sura moja fupi na maana yake. Kama hawezi kuieleza kwa watu wanaompenda, atawezaje kuieleza kwa asiyemjua?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu aijaalie Qur'ani kuwa nuru ya nyumba zetu, awalipe kheri waliotutangulia kutufasiria, na awathibitishe wanaojitolea kwa ikhlasi. Wallahu a'alam.

Wabillahi tawfiq.