Wauza Dawa Mbele ya al-Afshin

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo:

Ibn Abi Usaybi'a (aliyefariki mwaka 668 Hijria, sawa na 1270 Miladia), mwandishi wa historia ya matabibu, amesimulia kisa cha zama za Khalifa al-Mu'tasim. Jemadari al-Afshin, akiwa vitani dhidi ya Babak, alitaka kuwajua wauza dawa walioandamana na jeshi lake. Akachagua majina kama 20 ya watu wa Ushrusana, kisha akatuma watu wakayaulizie kana kwamba ni majina ya dawa. Baadhi ya wauzaji walisema hawazijui. Wengine walipokea fedha wakatoa chochote walichokuwa nacho. Waliokiri kutojua waliruhusiwa kubaki, na waliodanganya wakafukuzwa.

Hapo ulipimwa ukweli wa muuzaji. Lakini muuzaji mkweli naye huweza kuuziwa kitu cha kughushi, ndipo wanazuoni wa hisba wakafundisha kuipima dawa yenyewe. Al-Shayzari, katika karne ya 6 Hijria, alieleza kuwa tabashiri itokayo ndani ya mwanzi hughushiwa kwa mifupa iliyochomwa: ukiitia majini, mfupa huzama na tabashiri huelea. Hila nyingine alikataa kuziandika, akichelea wasio na dini wasije wakajifunza.

Leo dawa imefungwa katika pakiti, na vipimo vile havitufai. Basi nunua katika duka lenye kibali. Tazama kama lakiri haijafunguliwa, na kama jina, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi vinalingana kwenye boksi na kwenye chupa. Vidonge vikitofautiana na ulivyozoea, usivimeze kabla ya kumuuliza mfamasia, kwani hata boksi zuri hughushiwa. Na muuzaji anayeshuku bidhaa yake kisha akanyamaza, ameingia katika ghushi.

Ndugu Waislamu, Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni hakutosheka na uso wa fungu la chakula. Aliingiza mkono wake ndani, akakuta unyevu, akamkemea mwenye mali. Ikiwa chakula kilistahiki kuchunguzwa hivyo, dawa anayopewa mgonjwa inastahiki zaidi. Maimamu na walikumbushe hili mimbarini.

Wallahu a'lam.