Tarehe ya Langenburg ya Ziwani

Ndugu zetu wa Tukuyu hujigamba kwamba Langenburg ni mji wao. Siwanyimi, ila wao ni wa pili. Langenburg ya kwanza ilikuwa huku chini Ziwa Nyasa, kwenye ghuba ya Lumbira, kusini ya Ikombe, na aliyeileta ni Mjerumani Hermann von Wissmann mwaka 1893.

Mjerumani alipofika alikuta wenyewe. Wazee wamesema Kyala alishuka milima ya Ukinga pamoja na nduguze, Lwembe na Kyungu. Lwembe alikaa Lubaga. Kyungu alivuka mto Songwe akatawala Ngonde. Kyala ndiye aliyependa ufukwe, na pango lake la Palikyala, karibu na Ikombe, lilikuwa likipelekewa sadaka na makuhani wa pande zote. Wamishonari walipotafuta jina la kumwita Mungu, walichukua la kwetu, na mpaka leo Mnyakyusa akisali humtaja Kyala. Lwembe alipata wapi heshima kama hiyo?

Wakisi wa Ikombe, wafinyanzi wa vyungu na wavuvi, walikuwapo nao. Wamishonari Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891. Misheni ya Berlin ilikuja mwaka huohuo, ikiongozwa na Alexander Merensky.

Jina Langenburg ni la kasri moja huko Württemberg, juu ya mto Jagst. Mwinyi wake, Hermann wa Hohenlohe-Langenburg, alikuwa mwenyekiti wa chama cha Wajerumani cha kutafuta makoloni kilichoundwa mwaka 1882. Huku kwetu lilifika jina lake tu.

Na meli ya Wissmann je? Aliileta vipandevipande kutoka Ujerumani, kwa mto Zambezi na Shire, ikaundwa na kupewa jina lake. Hapa niruhusiwe kutoka njiani kidogo. Tarehe 13 Agosti 1914 meli hiyo ilikuwa imepandishwa nchi kavu pale Sphinxhafen, ndiyo Liuli ya leo. Nahodha wake, Berndt, hana habari kwamba vita vimeanza. Mara anaona meli Guendolen ya Waingereza inamfyatulia mzinga! Mkuu wa Guendolen, Rhoades, alikuwa rafiki yake wa kunywa naye, basi Berndt akamwendea kwa mashua, akifoka, kumuuliza kama amelewa. Akachukuliwa mateka palepale. Magazeti ya London yakaandika ushindi wa majini Ziwa Nyasa.

Turudi Lumbira. Homa iliwasumbua mno Wajerumani, na takriban mwaka 1900 boma likahamishiwa kwenye baridi ya Tukuyu. Jeshi la Waingereza la Jenerali Northey lililiteka Mei 1916.

Ushahidi wa mwisho wanautoa Wajerumani wenyewe. Boma la Tukuyu waliliita Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya, la Lumbira likawa Alt-Langenburg, Langenburg ya Zamani. Mkubwa ni wa ziwani, wa mlimani ni mdogo wake.