GILBERT TUHABONYE: ALITOKA MOTONI, AKAWA MWALIMU WA MBIO

Kila ifikapo tarehe 21 Oktoba sisi tuliotoka Kamenge hukumbuka mwaka 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye. Hukumbuka pia wanajeshi waliouzingira mtaa wetu, na mwaka 1995 wakazi walipoukimbia. Hayo tumeyaeleza mara nyingi. Leo tunaeleza ya mtu wa upande mwingine, kwa kuwa historia ya Burundi ni moja na machozi yake ni ya wote.

Gilbert Tuhabonye alizaliwa mwaka 1974 huko Songa, Bururi. Alisoma sekondari ya Kibimba, mkoani Gitega, na akiwa bado mwanafunzi alikuwa bingwa wa taifa wa mita 400 na 800. Siku ile ya 21 Oktoba, wanafunzi na walimu Watutsi wa shule hiyo walikamatwa, wakapigwa, wakafungiwa ndani ya jengo la kituo cha petroli, kisha jengo likatiwa moto. Miongoni mwa waliowashambulia walikuwamo watu waliosoma nao. Tuhabonye alijificha chini ya maiti kwa zaidi ya saa 8. Usiku alivunja dirisha akakimbia, mgongo na mguu vikiwa vimeungua vibaya.

Wanaouguza walioungua wanajua kwamba kupona ngozi si mwisho wa kazi. Kovu la moto huvuta, na kiungo kisiponyoshwa hukauka kikiwa kimepinda. Kwa mkimbiaji hiyo ni hukumu. Lakini Tuhabonye alianza upya, kwanza kutembea, halafu kukimbia polepole. Mwaka 1996 alifika jimbo la Georgia, Marekani, katika kambi ya mazoezi ya wanariadha wa nchi maskini. Ndio mwaka ambao Burundi ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Atlanta, na Vénuste Niyongabo akatwaa dhahabu ya mita 5,000. Baadaye Tuhabonye alisoma Chuo Kikuu cha Abilene Christian, Texas, akawa bingwa wa vyuo katika mita 800.

Hakuishia kwenye medali zake. Mjini Austin alianzisha kundi la mazoezi la Gilbert's Gazelles, yaani swala wa Gilbert, na kuwafundisha watu wa kawaida kukimbia kwa furaha. Mwaka 2006 alitoa kitabu cha maisha yake, na mwaka huohuo ikaanzishwa Gazelle Foundation, inayopeleka maji safi vijijini Burundi. Bomba la maji halimwulizi mtu kabila lake. Yeye mwenyewe husema kwamba amesamehe.

Kamenge nako somo hili si geni. Kituo cha Vijana cha mapadre Waksaveri kiliwakutanisha Wahutu na Watutsi wa mitaa ya kaskazini ya Bujumbura uwanjani na darasani, hata vita vilipopamba moto, na mwaka 2002 kikapewa tuzo ya Right Livelihood.

Hivyo basi, ndugu zetu wa mashirika, mtu akiomba mpira au kiwanja msidhani anaomba anasa. Nasi wazazi tusiwafundishe watoto hesabu ya wafu wa upande mmoja tu. Tuwaeleze Kamenge, tuwaeleze na Kibimba, kisha tuwaache wacheze pamoja.